Mafini yasiyo na gluteni: ya chungwa yanasimama, ya limau yanabonyea katikati. Shida iko wapi?

#1 Siagi_Kidogo
Wakuu, habari za muda huu. Nyumbani kuna mtu mwenye seliaki, ugonjwa unaokataza gluteni, ile protini ya nafaka kama ngano, kwa hiyo ngano, shayiri na rai haziingii jikoni kwangu. Mafini ya machungwa nayaoka bila shida: yanapanda, yanatoa kichwa, rangi inakuwa kahawia ya kupendeza. Nikiweka limau badala ya chungwa mambo yanaharibika. Yanapanda vizuri, kisha dakika za mwisho, yakiwa bado ndani ya oveni, yananywea katikati. Na juu yanabaki meupemeupe. Ladha haina neno, sura ndiyo aibu.

Vipimo vya mafini 12: unga wa mchele gramu 150, wanga wa viazi gramu 50, wanga wa muhogo gramu 40, zanthani (unga wa kukazia rojo) nusu kijiko cha chai, bekingi pauda vijiko viwili vya chai, bekingi soda nusu kijiko cha chai, chumvi kidogo, mayai mawili, mafuta mililita 100, maziwa mililita 120, juisi mililita 60, na ganda la matunda mawili lililokwanguliwa. Sukari gramu 150 kwa ya chungwa. Kwa ya limau naweka 200 kwa sababu ya ukali. Nachanganya vyote, naacha rojo litulie nusu saa kwa sababu nimesoma unga wa mchele unataka muda wa kunywa maji, halafu naoka nyuzi 180 kwa dakika 22.

Kinachobadilika ni tunda na sukari tu. Nini kinayaangusha?

#2 Kijiti_Kikavu
Hayajaiva. Ongeza dakika tano. Uzi ufungwe.

#3 Mla_kwa_Macho
Picha iko wapi? Bila picha hizi ni habari za kusikia.

#4 Mzee wa Oveni
Kijiti_Kikavu (#2) kagusa penyewe ila kapita mbio. Mleta mada, kwenye keki ya ngano kuna wavu wa gluteni unaoshika mapovu ya hewa tangu rojo likiwa bichi. Wewe wavu huo huna. Kinachoshika mapovu yako mwanzoni ni uzito wa rojo, yaani ile zanthani, na baadaye kazi inapokelewa na wanga ulioiva na yai lililoganda. Wanga wa viazi unaanza kuvimba karibu nyuzi 60, wa mchele mara nyingi unataka 70 na kitu. Katikati pakichelewa kufika huko, mapovu yanakua, yanapasuka, na hakuna kitu kigumu cha kuyazuia. Panashuka.

Nunua kipimajoto cha kuchoma. Katikati ya mafini pasome nyuzi 96 hadi 98 ndiyo utoe. Kijiti cha meno kwenye unga usio na gluteni kinadanganya, kinaweza kutoka kikavu wakati ndani bado ni uji.

Jambo la pili, anza na nyuzi 220 kwa dakika tano kisha shusha hadi 180. Joto la mwanzo linayapandisha na kuyagandisha pembeni mapema.

#5 Bwana Gramu
Naona kila mtu anaruka jambo lililoandikwa wazi kwenye #1: mililita 60 za juisi ya limau pamoja na bekingi soda, halafu NUSU SAA ya kusubiri. Tupige hesabu.

Juisi ya limau ina asidi ya sitriki karibu gramu 47 kwa lita. Ya chungwa ni karibu gramu 9. Mililita 60 za limau zina karibu gramu 2.8 za asidi, na za chungwa zina kama nusu gramu. Gramu moja ya asidi ya sitriki inamaliza karibu gramu 1.3 za bekingi soda. Kwa hiyo juisi yako ya limau ina uwezo wa kumaliza gramu 3.7 za soda, na nusu kijiko cha chai ni kama gramu 2.4 tu. Soda yote imekwisha ndani ya bakuli, tena dakika za kwanza kabisa, kwa sababu asidi hii haingoji joto. Asidi iliyobaki inageukia soda iliyomo kwenye bekingi pauda na kuila hiyo nayo.

Kwenye chungwa asidi inamaliza robo tu ya soda. Iliyobaki inafanya rojo kuwa la kialkali, na ualkali unaharakisha ule ugeukaji wa rangi juu ya keki. Ndiyo maana ya chungwa yanakuwa ya kahawia na ya limau yanatoka meupe. Rangi inakupa jibu wewe unatafuta oveni.

#6 Mla_kwa_Macho
Bwana Gramu kafungua maabara. Tuje na koti jeupe?

#7 Siagi_Kidogo
Shukrani wote. Mzee wa Oveni, kipimajoto sina ila nitatafuta. Bwana Gramu, hesabu nimeielewa, lakini hapo kuna kitu hakijakaa. Kama gesi ilikwisha kwenye bakuli, mbona yanapanda vizuri kwanza? Si yangekuwa bapa tangu mwanzo?

#8 Bwana Gramu
Swali zuri. Bekingi pauda nyingi za madukani ni za hatua mbili, sehemu ya asidi yake ni ya kikavu na inasubiri joto. Soda iliyosalimika inatoa gesi ndani ya oveni. Ongeza mvuke, na hewa uliyopiga kwenye mayai. Hiyo inatosha kupandisha. Ila gesi inakuwa haba wakati ule wanga unapotaka kushikiliwa hadi uive. Huo ndio ufahamu wangu.

#9 Unga_Laini
Mimi naona nyote mmekaa kwenye limau na mmeisahau sukari. Gramu 200 dhidi ya gramu 150, kwenye unga wa gramu 240! Hilo si badiliko dogo. Sukari inashindana na wanga kugombea maji, na inausukuma wanga uvimbe kwenye joto la juu zaidi. Hata yai linachelewa kuganda kukiwa na sukari nyingi. Wapishi wa keki wanalijua hili siku zote, sukari ikizidi keki inapanda kwa mbwembwe halafu inazama katikati. Ndicho hasa alichoeleza mleta mada.

Kwa hiyo jaribio lake halikuwa la tunda. Amebadilisha vitu viwili kwa wakati mmoja halafu analaumu kimoja.

#10 Kijiti_Kikavu
Na dawa ya wanga kuchelewa kuiva ni nini? Kuongeza dakika tano. Nilisema.

#11 Dada_Mizani
Naomba kuongeza la tatu (au ni la nne?). Asidi na joto vikikutana vinakatakata minyororo ya wanga. Aliyewahi kupika krimu ya limau ya kujaza pai anajua: ukitia juisi mapema wanga ukiwa jikoni unaweza kulegea tena baada ya kuwa mzito, ndiyo maana wengi wanatia juisi mwishoni. Kwenye keki ya ngano usingeona tofauti kubwa kwa sababu kuna gluteni ya kusaidia. Kwenye ya mchele wanga ndio nguzo yenyewe. Ukiudhoofisha, paa linakuja chini.

#12 Bwana Gramu
Dada_Mizani, siipingi kemia yako, napinga kiasi. Krimu ya limau inakaa kwenye moto na asidi yote ikiwa hai. Hapa sehemu kubwa ya asidi imeshamalizwa na soda, na mafini yanakaa kwenye joto kali dakika chache. Sidhani wanga unakatika kiasi cha kuangusha.

#13 Dada_Mizani
Kwa hesabu yako mwenyewe ya #5, asidi imebaki. Theluthi nzima imebaki! Au hesabu inatumika pale inapokufaa?

#14 Mla_kwa_Macho
🍿

#15 Pembeni_Tu
Samahani naingilia kati. Hivi hii gluteni si fasheni tu ya watu wa mazoezi? Watu wamekula ngano maelfu ya miaka. Weka unga wa ngano, mafini yasimame, maisha yaendelee.

#16 Nesi_Mstaafu
Pembeni_Tu, mleta mada kasema seliaki kwenye mstari wake wa pili. Seliaki si kuchagua chakula. Kinga ya mwili inashambulia ukuta wa utumbo mwembamba kila gluteni inapoingia, vile vijidole vya kufyonza chakula vinasawazika, mtu anapungukiwa damu, watoto wanadumaa. Inakadiriwa kumpata karibu mtu mmoja katika kila 100 duniani, na wengi hawajui. Dawa iliyopo ni moja, kuiacha gluteni maisha yote.

Na wewe unayesoma ukidhani unayo, USIACHE ngano kabla ya kupima. Kipimo cha damu kinatafuta kingamwili ambazo mwili unazitengeneza ukiwa unakula gluteni. Ukiacha mapema, majibu yanaweza kutoka safi na ugonjwa upo.

#17 Pembeni_Tu
Sawa nesi, nimekaa chini.

#18 Mpita_Njia
Nilisoma mahali kwamba ugonjwa huu uligunduliwa wakati wa vita, Uholanzi ilipokosa mkate na watoto wagonjwa wakapona. Njaa ikawa daktari.

#19 Nesi_Mstaafu
Inasimuliwa hivyo sana ila imefupishwa. Ugonjwa wenyewe ulijulikana zamani zaidi, kilichokuwa hakijulikani ni kinachouleta. Daktari wa watoto Willem-Karel Dicke alishaanza kushuku ngano miaka ya 1930, na mwaka 1941 aliandika juu ya lishe isiyo na mkate. Njaa ya majira ya baridi ya 1944 na 1945 ilimpa nguvu katika alichokuwa anakifuatilia tayari. Tasnifu yake ilitoka 1950. Kabla ya hapo daktari Sidney Haas kule Marekani alikuwa anawalisha watoto hao ndizi, tangu 1924. Walipata nafuu, na watu wakadhani ndizi ndiyo inayotibu, kumbe ni kilichoondolewa mezani.

#20 Mla_kwa_Macho
Kwa hiyo tuoke mafini ya ndizi. Tumemaliza.

#21 Mzee wa Oveni
Turudi jikoni. Nimemsoma Bwana Gramu mara mbili na nusu saa ile inanisumbua mimi pia, ila ushauri wa kuliacha rojo litulie si wa uongo. Unga wa mchele usiponywa maji unakaa kama mchanga mdomoni. Njia ya kupatanisha ipo: changanya unga wa mchele, maziwa, mafuta, mayai, sukari na ganda, acha hapo nusu saa. Bekingi pauda na soda uchanganye na ule wanga mkavu pembeni. Oveni ikishakuwa moto ndiyo unatia juisi, unachekechea wanga wenye pauda, unakoroga hadi vishikane, unajaza trei na kuingiza. Rojo linakuwa limetulia na gesi haijapotea.

#22 Unga_Laini
Hapo nakuunga mkono. Naongeza kwamba mchele usagwe laini kweli. Ukiushika kati ya vidole usisikie chembe.

#23 Dada_Mizani
Ila kuna jambo moja kwenye #21, "unakoroga hadi vishikane". Hilo ni la mafini ya ngano, ambako ukikoroga sana gluteni inakaza na mafini yanakuwa magumu yenye mashimo kama mahandaki. Hapa gluteni haipo. Mimi nakoroga kwa nguvu dakika nzima na zaidi, zanthani inakaza rojo, na mafini yanatoka na umbo zuri zaidi.

#24 Mzee wa Oveni
Ukishatia juisi na soda, kila sekunde ya kukoroga ni gesi inayotoka. Koroga kwa nguvu kabla ya juisi, siyo baada.

#25 Fundi_Mchanga
Habari zenu. Kesi yangu ni tofauti kidogo: ya kwangu hayazami, yananata. Ukiyauma yanavutika kama mpira. Natumia wanga wa muhogo mwingi na zanthani kijiko kizima cha chai kwa unga gramu 250.

#26 Unga_Laini
Umejijibu mwenyewe. Muhogo unavutika kwa asili yake, usizidi robo ya unga wote. Zanthani kwa mafini ni kama robo kijiko cha chai kwa kila gramu 140 za unga. Kijiko kizima ni cha mkate.

#27 Msafi_wa_Jikoni
Mimi siitumii zanthani kabisa, tumbo langu halielewani nayo. Naweka maganda ya mbegu za siliamu (psyllium) yaliyosagwa, kijiko kimoja cha chakula, nayaloweka kwenye maziwa hadi yawe kama ute. Mbegu za chia zilizosagwa nazo zinafanya kazi ila zinaacha madoa. Na siliamu inashika maji zaidi, kwa hiyo mafini hayakauki haraka.

#28 Mpita_Njia
Zanthani ndiyo nini hasa? Ni mmea?

#29 Bwana Gramu
Hapana. Inatengenezwa na bakteria, Xanthomonas campestris, wanaolishwa sukari. Ni bakteria walewale wanaosababisha uozo mweusi kwenye kabichi.

#30 Mla_kwa_Macho
Leo silali. Asante kwa taarifa ya kabichi.

#31 Msafi_wa_Jikoni
Kwa kuwa nyumbani kwa mleta mada kuna mgonjwa, niseme haya ingawa hayajaulizwa. Bekingi pauda isomeni kibandiko. Ndani kuna wanga wa kuikausha, mara nyingi wa mahindi, lakini zipo zenye wanga wa ngano. Unga wa mchele uliosagwa kwenye kinu kinachosaga ngano pia si salama, hata kama wewe umeuona mchele ukiingia. Kiwango cha kimataifa cha kuandika "hakina gluteni" ni gluteni isiyozidi miligramu 20 kwa kilo, na vumbi la kinu linaweza kuvuka hapo bila shida. Chekecheo lililowahi kuchekecha ngano lisiguswe, matundu yake hayasafishiki. Mwiko wa mbao vilevile.

Na oti? Oti yenyewe haina gluteni ya ngano, ila inachafuliwa shambani na kiwandani. Inunuliwe ile iliyothibitishwa tu, na hata hiyo wapo wachache ambao mwili unaikataa.

#32 Siagi_Kidogo
Msafi_wa_Jikoni, asante, pauda yangu ni ya mahindi, nimeikagua sasa hivi.

Nimejaribu leo. Nimefuata #21 kwa ya limau, sukari nimeiacha 200 vilevile ili nisibadilishe vitu viwili (Unga_Laini umenisikia). Yamebonyea kidogo tu, kama sahani, siyo shimo. Bado ni meupe. Kwa hiyo?

#33 Bwana Gramu
Kwa hiyo gesi ilikuwa sehemu kubwa ya tatizo. Asanteni kwa kunisikiliza.

#34 Unga_Laini
Taratibu! Yamebonyea BADO. Kilichobaki ni sukari. Rudi kwenye gramu 150 tuone.

#35 Dada_Mizani
Au kilichobaki ni asidi kwenye wanga. Jaribio hili halijanikanusha hata kidogo.

#36 Kijiti_Kikavu
Uliyaoka dakika ngapi?

#37 Siagi_Kidogo
22.

#38 Kijiti_Kikavu
Nimemaliza.

#39 Mzee wa Oveni
Kijiti_Kikavu anachekesha ila safari hii sina cha kumpinga. Mafini meupe yanaweza kuwa meupe kwa sababu ya asidi, yanaweza pia kuwa meupe kwa sababu oveni iko chini ya inavyosema. Oveni nyingi za nyumbani namba ya kitufe si joto la ndani. Ya chungwa yanapata rangi kwa msaada wa soda iliyobaki, kwa hiyo yanaficha udhaifu wa oveni. Ya limau hayana pa kujificha.

#40 Ladha_Kwanza
Nimesoma zote na nashangaa. Mnapigana juu ya mililita 60 za juisi wakati juisi si mahali pa harufu ya limau! Harufu iko kwenye vifuko vya mafuta vya ganda la nje, lile la rangi. Juisi inaleta ukali tu, na sehemu ya ukali wenyewe inauawa na soda. Fanyeni hivi: juisi mililita 20, maziwa yaongezwe kufidia, ganda la malimau matatu badala ya mawili. Ganda lisuguliwe kwenye sukari kwa vidole hadi sukari inukie na iwe na unyevu. Mafuta yale yanatoka na kushikwa na sukari. Mkitaka ukali, mkorogo wa sukari ya unga na juisi umwagiwe juu yakishapoa, ambako hakuna soda wala wanga wa kuharibu.

Asidi inapungua, sukari ya ndani inaweza kurudi 150, na tatizo la #1 halipo tena. Hamna haja ya kujua lilikuwa nini.

#41 Bwana Gramu
Ushauri mzuri, ila punguza na soda basi. Mililita 20 za limau zinamaliza gramu 1.2, robo kijiko cha chai. Ukiacha nusu kijiko unaweza kupata mafini yenye ladha ya sabuni.

#42 Ladha_Kwanza
Sahihi, robo.

#43 Fundi_Mchanga
Yangu ya chungwa siku ya kwanza ni matamu, siku ya pili yana uchungu. Ni soda hiyo?

#44 Ladha_Kwanza
Uchungu wa soda ungeusikia siku ya kwanza. Unakwangua hadi nyeupe? Ile tabaka nyeupe chini ya ganda ndiyo mama wa uchungu. Kwangua rangi tu, geuza tunda, usipite mahali pamoja mara mbili.

#45 Nesi_Mstaafu
Kuna na maelezo mengine. Machungwa, hasa yale yenye kitovu, yana kitu ambacho si kichungu tunda likiwa zima. Ukikamua, kikikutana na asidi ya juisi, kinageuka polepole kuwa limonini, ambayo ni chungu kweli. Ndiyo maana juisi ya machungwa hayo ikikaa saa kadhaa inabadilika. Fundi, unakamua juisi ukaiweka mpaka kesho?

#46 Fundi_Mchanga
Nakamua usiku naoka asubuhi. Mh.

#47 Bwana Gramu
Lakini kumbuka mafini yake ni matamu siku ya kwanza. Juisi iliyogeuka usiku ingekuwa chungu tangu asubuhi. Labda ni nyeupe ya ganda inayoendelea kuachia ndani ya mafini yakiwa yamekaa. Hili sina hesabu yake.

#48 Mla_kwa_Macho
Bwana Gramu hana hesabu! Andikeni tarehe.

#49 Chungwa_Zima
Mnakwangua ganda kwa hofu wakati sisi wengine tunatia tunda lote. Chemsha machungwa mawili mazima karibu saa mbili hadi yalegee kabisa, mwaga maji, toa mbegu, saga yote na ganda lake. Changanya na mayai, sukari na unga wa lozi. Keki ya namna hii ina asili kwa Wayahudi wa Kisefaradi na haijawahi kuhitaji ngano. Zanthani ya nini? Pektini ya ganda inashika kila kitu, na lile chemsho linaondoa sehemu kubwa ya uchungu. Kwa mafini oka nyuzi 170, taratibu. Hayapandi sana, lakini yana unyevu siku tatu nne.

#50 Msafi_wa_Jikoni
Nimewahi kuyafanya hayo kwa unga wa mbegu za alizeti kwa sababu mwanangu lozi zinamdhuru. Ladha ilikuwa sawa. Asubuhi nayapasua, ndani ni KIJANI. Kijani cha majani!

#51 Mla_kwa_Macho
Sasa hapa ndipo picha inahitajika.

#52 Bwana Gramu
Si uozo, usitupe. Mbegu za alizeti zina asidi ya klorojeniki, ikikutana na ualkali wa bekingi soda inageuka kijani keki ikipoa. Haina madhara. Punguza soda au ongeza asidi kidogo, yaani limau. Huu ndio wakati pekee katika uzi huu ambapo limau ni shujaa.

#53 Mpita_Njia
Je, balungi linafaa? Nina mengi.

#54 Ladha_Kwanza
Linafaa, tumia ganda na juisi kidogo. Uchungu wake ni wa tabia, hautoki.

#55 Nesi_Mstaafu
Kabla hujawapelekea wageni: balungi linaingiliana na baadhi ya dawa, mfano simvastatini ya kolesteroli. Linazuia kimeng'enya kinachoivunja, dawa inapanda kwenye damu kuliko ilivyokusudiwa. Anayetumia dawa za kila siku amuulize mfamasia kwanza.

#56 Fundi_Mchanga
Swali la haraka, mnayahifadhi wapi? Kwenye friji yangu yanakuwa makavu kama tofali siku moja tu.

#57 Unga_Laini
Friji ndiyo adui. Wanga ulioiva ukikaa kwenye baridi ya friji unajipanga upya na kukamua maji, na mchele unafanya hivyo kwa kasi. Yaache nje kwenye chombo kilichofunikwa kama yanaliwa leo na kesho. Yanayobaki yagandishwe kabisa kwenye friza, yakiwa yamepoa. Ukitaka kula yapashe, joto linaulainisha wanga tena. Ila baada ya kupashwa yaliwe palepale, yakipoa mara ya pili hayana rafiki.

#58 Siagi_Kidogo
Nimeleta majibu mengine. Nimefuata #40 yote, na robo ya soda ya #41. Sukari 150. Nimeanza na 220 dakika tano, kisha 180 hadi dakika ya 24. Yamesimama na yana kichwa. Rangi bado hafifu kuliko ya chungwa ila inapendeza.

#59 Kijiti_Kikavu
Dakika 24. Tunaelekea.

#60 Unga_Laini
Sukari.

#61 Bwana Gramu
Asidi imepungua mara tatu. Tafadhali.

#62 Dada_Mizani
Ambayo ni asidi ileile isiyoweza tena kukata wanga. Tafadhali na wewe.

#63 Mzee wa Oveni
Amebadilisha juisi, soda, sukari, ganda, joto na muda kwa mara moja, na kila mtu hapa kajipongeza. Siagi_Kidogo, kama una malimau ya ziada, oka hayo ya leo tena na sukari 200 tu, kingine kisiguswe. Unga_Laini asubiri.

#64 Siagi_Kidogo
Malimau yapo, mayai yamekwisha. Jumamosi.

#65 Chungwa_Zima
Na ganda la limau lichemshwe zima kama langu la #49? Kuna aliyejaribu? Naogopa uchungu wake kuliko wa chungwa.

#66 Ladha_Kwanza
Badilisha maji ya kuchemshia mara mbili, na chagua lenye ganda jembamba. La ganda nene sijawahi kulishinda.